Maoni Yetu: Daktari Ajipime na Nani?



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa bohari alifika ofisini na karatasi ya kuomba mkopo katika ushirika wetu wa akiba. Alitaka shilingi 400,000, na wadhamini watatu alikwisha kuwapata. Tulipomwuliza fedha hizo ni za kazi gani, alisema ni za binti yake, ambaye amemaliza chuo cha udaktari na mwaka wake wa mazoezi hospitalini, na sasa ataka kwenda Marekani kusomea ubingwa. Tukamwuliza swali jingine: je, nafasi yake ya kuchukuliwa huko ni kiasi gani? Mzee akatutazama kama watu tuliomtukana. "Alikuwa wa tatu darasani," akasema, akanyamaza.

Hatukumtukana, na tunasikitika ikiwa alisikia hivyo. Lakini swali letu hakulijibu, na wadhamini wake watatu hawakuwa wameliuliza. Yeye si wa kwanza wala hatakuwa wa mwisho. Siku hizi wafanya kazi wengi wana watoto madaktari, na mtoto anapotaka kuvuka bahari ni akiba ya mzazi inayotangulia. Kwa hiyo tumeona ukurasa huu wa mwezi huu tuutumie kwa jambo hili.

Kwanza tueleze ni kitu gani kinachotafutwa. Marekani, daktari aliyetoka chuoni haruhusiwi kutibu peke yake mpaka afanye kazi hospitalini chini ya mabingwa. Muda huo, unaoitwa residensi, ni miaka 3 kwa magonjwa ya ndani ya watu wazima, na hufika 7 kwa upasuaji wa ubongo. Daktari wa kutoka Kenya, hata awe ametibu Kakamega miaka kumi, kwa kawaida huanza pale pale pamoja na vijana. Lakini tusisahau jambo moja: residensi ni kazi yenye mshahara. Hapa kwetu daktari anayesomea ubingwa chuo kikuu hulipa karo huku akihudumia wagonjwa usiku na mchana, na asiyekuwa na mdhamini hufanya kazi hiyo bila mshahara. Tena mwaka 2024 madaktari wetu waligoma siku 56, na moja ya sababu ni kwamba Serikali ilitaka kuwalipa vijana wa mwaka wa mazoezi shilingi 70,000 kwa mwezi, hali mkataba wa mwaka 2017 ulisema zaidi ya 206,000. Kijana aliyeyaona hayo akitazama ng'ambo, sisi hatuna ulimi wa kumlaumu.

Sasa tuje kwenye mizani yenyewe. Nafasi hizo hazitolewi kama kazi za kawaida. Daktari hupeleka maombi kwa hospitali nyingi; chache humwita kumhoji; kisha yeye huandika orodha ya hospitali zilizomhoji, kuanzia aipendayo zaidi hadi aipendayo kidogo, na kila hospitali huandika orodha yake ya madaktari kwa namna hiyo hiyo. Orodha zote hutiwa katika kompyuta ya shirika liitwalo National Resident Matching Program, na mwezi wa Machi kila daktari huambiwa amepata hospitali moja au hakupata. Akipata, amefungwa. Hakuna kurudi kuuliza ya pili.

Katika mgao wa mwaka 2025 walijiandikisha watu 52,498, na nafasi zilikuwa 43,237. Mtu akigawa kwa haraka ataona kwamba katika kila watu 100 nafasi zipo karibu 82, naye atakwenda nyumbani akiimba. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mstari huo haukupangwa watu wote pamoja. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo vikuu vya Marekani vyenyewe, wale wa shahada ya M.D., walipata 93.5 katika kila 100. Wamarekani waliokwenda kusoma nchi nyingine walipata 67.8. Na wageni waliosoma nje ya Marekani, ambao ndio fungu la binti wa mwenzetu, walipata 58.0. Basi mtoto wetu akisikia kwamba "wengi huchukuliwa," na aulize: wengi wa fungu gani?

Hata hiyo 58 inataka kutazamwa kwa jicho la karani wa hesabu. Wanaohesabiwa humo ni wale tu walioandika orodha ya hospitali hadi mwisho. Aliyelipa ada za mitihani, akapeleka maombi mia, asiitwe kuhojiwa hata mara moja, kwa kawaida hana orodha ya kuandika, kwa hiyo hayumo katika hesabu. Ni kama kuhesabu waliopata kazi bandarini kwa kuanza na wale walioruhusiwa kupita langoni tu. Walioachwa nje ya lango hawaonekani katika kitabu. Kwa hiyo 58 ni nafasi ya mgeni aliyekwisha kuitwa kuhojiwa. Asiyejua kama ataitwa yuko chini ya hapo.

Tena 58 hiyo imechanganya kazi za kila namna. Magonjwa ya ndani peke yake yalikuwa na nafasi zaidi ya 10,000 katika mwaka 2024, na wageni wengi huingilia mlango huo. Udaktari wa familia ulikuwa na nafasi zaidi ya 5,000 mwaka 2025, na mamia yake yalibaki bila watu siku ya kwanza. Lakini magonjwa ya ngozi, upasuaji wa mifupa na upasuaji wa ubongo ni mlango mwembamba hata kwa Wamarekani wenyewe walio hodari, na mgeni anayepita huko ni mmoja mmoja. Tulipomwuliza mzee binti yake anataka ubingwa gani, alisema: mifupa.

Huko nyuma mtihani wa kwanza wa udaktari wa Marekani ulikuwa na alama za nambari, na kijana aliweza kusema "nina kiasi hiki" na kujilinganisha. Tangu Januari 2022 mtihani huo hutoa jibu moja tu: umeshinda au umeshindwa. Nambari imebaki katika mtihani wa pili, na kwa hiyo uzito mkubwa umehamia huko. Kushinda mtihani wa pili, ambao tangu Julai 2025 alama ya chini kabisa ni 218, si sawa na kuitwa. Anayevuka mstari kwa alama mbili amevuka kweli, lakini mbele yake wamekaa waliovuka kwa alama thelathini. Na aliyeshindwa mara moja hawezi kuficha, maana kila jaribio huandikwa katika karatasi anayopelekewa kila hospitali. Tangu mwaka 2021 hakuna ruhusa ya kujaribu mtihani mmoja zaidi ya mara nne. Kwa sababu hiyo twawaambia vijana: msikimbilie tarehe ya mtihani kwa kuwa ada imekwisha kulipwa. Ni afadhali kuchelewa miezi mitatu kuliko kubeba doa hilo maisha yote.

Lakini wakichelewa, wasichelewe sana. Hospitali nyingi huuliza mwaka wa kumaliza chuo, na aliyemaliza zamani huwekwa kando kabla barua yake kusomwa. Jambo hili twaliona ni dhuluma. Mtu aliyeshika wilaya nzima kwa miaka minane, akazalisha, akapasua, akafundisha wauguzi, aonekane ameharibika kama samaki wa jana! Hata hivyo ndivyo mambo yalivyo, na kumficha kijana hakumsaidii.

Kuna njia moja ya kujipima isiyotaka fedha hata senti moja, na twashangaa kuwa wachache huifuata. Hospitali nyingi za Marekani hutangaza hadharani majina ya madaktari walio katika residensi yao na vyuo walikosoma. Kijana akae chini na daftari, apitie hospitali moja baada ya nyingine. Akikuta hospitali yenye madaktari arobaini, na hakuna hata mmoja aliyesoma nje ya Marekani, ajue kwamba hapo atakuwa akipeleka sadaka. Akikuta nyingine ambayo nusu yao wametoka Lagos, Karachi na Nairobi, hapo kuna mlango. Aandike pia kama hospitali hiyo huwapokea wenye viza, na viza ya namna gani. Viza ya J-1 hutaka barua ya Wizara ya Afya ya nchi ya mtu, na mwisho wa mafunzo humtaka arudi kwao miaka miwili, asipopata msamaha wa sharti hilo. Viza ya H-1B haina sharti hilo la kurudi, lakini hutaka awe amekwisha kushinda mtihani wa tatu, na Septemba 2025 Rais wa Marekani alitoa amri ya kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza hiyo kwa watu walio nje ya nchi. Hospitali gani ndogo italipa dola 100,000 kumleta kijana mmoja? Hilo nalo liingie katika mizani.

Yuko mtu atakayesema: kama hujui utaitwa wapi, omba kila mahali. Ndivyo wengi wanavyofanya, na tazameni bei yake. Katika msimu wa mgao wa 2025, maombi 30 ya kwanza ya ubingwa mmoja yalikuwa dola 11 kila moja, na kila ombi lililozidi hapo dola 30. Anayeomba hospitali 100 alilipa dola 2,430, yaani zaidi ya shilingi 310,000 kwa bei ya dola ya mwaka huo. Na hiyo ni ada ya maombi peke yake. Mitihani miwili ya kwanza, kila mmoja unapita dola 1,000 kwa mgeni, na upo mtihani wa Kiingereza, na cheti. Ule mkopo wa shilingi 400,000 ungekwisha kabla binti hajapeleka ombi hata moja. Mzee alidhani ni fedha za safari nzima. Hakuna aliyemdanganya. Hakuna aliyemwonyesha hesabu, basi.

Wala maombi mengi si nguvu. Kila mtu akiomba kila mahali, hospitali hupata karatasi elfu mbili kwa nafasi kumi na tano, haiwezi kuzisoma zote, na kwa hiyo huzichuja kwa kompyuta: waliosoma nje huku, waliomaliza zamani kule. Wanaoumia kwanza ni wale wale walioomba sehemu nyingi kwa hofu. Wenyewe wameona taabu hiyo. Tangu msimu wa 2020 hadi 2021 matawi ya ubingwa, moja baada ya jingine, yameanza kumpa kila mwombaji alama chache za kuonyesha hospitali anazozitaka kweli, na hospitali hutazama kwanza waliowapelekea alama hizo. Kijana asizitupe alama zake kwa hospitali maarufu zinazotajwa katika magazeti. Azipeleke zile alizozikuta katika daftari lake.

Na wapo mawakala. Huuza wiki nne za kusimama nyuma ya daktari Mmarekani, kwa dola nyingi, wakisema kwamba barua itakayotoka hapo itafungua mlango. Barua ya daktari wa huko ina faida kweli, hatukatai. Lakini kabla ya kulipa, kijana aulize mambo mawili: je, ataruhusiwa kumgusa mgonjwa au atasimama tu? Na daktari atakayeandika barua anafundisha katika hospitali yenye residensi, au ana zahanati yake tu mtaani? Wakala asiyejibu maswali hayo kwa maandishi ni wa kuaga.

Sasa twataka kusema jambo ambalo hata vijana wenyewe hulikosea. Kujipima kuna wakati wake, na wakati huo ni wa kuchagua mahali pa kuomba. Ukifika wakati wa kuandika orodha ya mwisho, mizani iwekwe chini. Wengi hujiambia: "Hospitali ile kubwa haitanichukua, basi niweke ile ndogo ya kwanza nisije nikakosa zote." Hilo ni kosa. Kompyuta humjaribu mtu kwanza mahali alipopaweka mbele. Akikataliwa huenda kwa pili kama kwamba hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza, bila kupoteza kitu. Aliyeiweka ndogo mbele kwa woga atapewa ndogo hata kama kubwa ilikuwa ikimtaka.

Haikuja yenyewe haki hiyo, na hapa wanachama watapenda kusikia. Katika miaka ya 1940 hospitali za Marekani ziligombania wanafunzi hata kuwaajiri miaka miwili kabla ya kumaliza. Kisha zikawabana kwa muda wa kujibu, mpaka kufika mwaka 1949 mwanafunzi akipewa saa zisizofika kumi na mbili kusema ndiyo au la. Mpango wa kugawa kwa pamoja ulipotungwa mwaka 1951, kanuni yake ya kwanza ilimwadhibu mwanafunzi aliyethubutu kutaja hospitali ngumu mbele. Wanafunzi wakaisoma kanuni, wakaiona hila iliyomo, wakakusanyika, wakapinga. Kanuni ikabadilishwa kabla ya mgao wa kwanza wa mwaka 1952. Mwaka 1998 hesabu ikatengenezwa tena ili ianze na matakwa ya mwombaji, na Alvin Roth, mmoja wa walioitengeneza, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley.

Hata hivyo si kila kitu ni chema kwa mfanya kazi. Daktari anayepewa hospitali moja, naye amefungwa nayo, atabishanaje juu ya mshahara? Mwaka 2002 madaktari watatu waliwashitaki wenye mpango huo, wakisema kwamba unawanyima madaktari soko la kazi na kuweka mishahara chini. Kabla kesi haijafika mwisho, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2004 ya kuukinga mpango huo, na shauri likatupwa. Kilichobaki ni umoja. Chama cha madaktari hao kilianzishwa New York mwaka 1957, mwaka 1999 baraza la kazi la nchi hiyo likakiri kwamba wao ni wafanya kazi na si wanafunzi tu, na leo chama hicho kina wanachama zaidi ya 30,000. Saa za kazi ziliwekewa mpaka mwaka 2003: zisizidi 80 kwa juma. Saa themanini, ndugu, nayo ikahesabiwa kuwa nafuu! Kwa hiyo katika daftari lile tuliloliandika juu, kijana aongeze mstari mmoja: hospitali hii ina chama cha wafanya kazi, au haina?

Tulimwomba mzee aje na binti yake. Walikuja Jumamosi, wakakaa nasi saa mbili. Binti ni mtu makini. Amemaliza chuo mwaka 2023, mtihani wa Marekani hajafanya hata mmoja, kwa hiyo hana doa. Tulipomweleza habari ya mifupa hakukasirika. Alisema anajua, lakini hakuna aliyewahi kumwambia mbele ya baba yake. Kisha akauliza swali ambalo twaona lilikuwa zito kuliko yote yaliyosemwa siku ile: je, akitakacho ni Marekani, au ni mifupa? Maana kama ni mifupa, ipo njia ya Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, ambacho hufundisha mpasuaji akiwa kazini katika hospitali za huku kwetu. Na kama ni Marekani, mlango wake ni magonjwa ya ndani, na lazima akubali kuuingia kwa moyo wote, si kwa kununa.

Baba yake alikaa kimya muda mrefu, kisha akaomba karatasi yake ya mkopo arudishiwe. Ameiandika upya. Sasa anaomba shilingi 150,000 tu, za mtihani wa kwanza na vitabu, na fungu la pili lisitoke mpaka binti ashinde na achague. Halmashauri itakutana juu ya ombi hilo Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, na wadhamini wote watatu wanaombwa wafike wenyewe.